Shajara ya msimu wa besi: fimbo mbili, vyambo vinne

Wiki ya 1

Leo nimemwaga sanduku lote la vyambo bandia sakafuni na kuvihesabu. Viko 63. Nikapekua kumbukumbu zangu za misimu iliyopita, nikaona ni 11 tu vilivyowahi kuniletea samaki ninayemfuata, besi. Vingine vyote nimekuwa nikivibeba, kuvibadilisha kila baada ya mitupo kumi, na kuvirudisha sandukuni bila kujifunza chochote kutoka kwavyo.

Kwa hiyo mradi wa msimu huu ni huu: bwawa moja, fimbo mbili, vyambo visivyozidi vinne. Kila safari nitaandika joto la maji, rangi yake, kina nilichovua, na jinsi nilivyokivuta chambo. Nataka nijue kwa nini samaki amekula. Kwamba amekula, hilo hata mtoto anaweza kulisimulia.

Bwawa lina kina cha mita 6 karibu na ukuta. Upande wa juu, maji yanapoingilia, kuna magugu mengi na kina hakizidi mita moja na nusu. Katikati panapita mfereji wa mto wa zamani, na kando yake visiki vya miti iliyokatwa kabla maji hayajajazwa. Nimechora ramani kwa penseli. Nitaijaza kadiri chubwi, kile kipande kizito cha kuuzamisha mshipi, itakavyonieleza.

Na samaki mwenyewe, kwa sababu vifaa vyote vinamfuata yeye. Huyu ni besi wa mdomo mpana. Si ndugu wa besi wa baharini. Yuko katika jamii ya Centrarchidae, pamoja na samaki wadogo bapa ambao mara nyingi huwa chakula chake. Akifumba mdomo, taya lake la juu hupita nyuma ya jicho. Kwa binamu yake wa mdomo mdogo, taya halivuki jicho. Jina la jenasi, Micropterus, maana yake ni pezi dogo, na lilitokana na ajali: mwaka 1802 Mfaransa Lacepède alielezea samaki ambaye pezi lake la mgongoni lilikuwa limeharibika, kipande cha nyuma kikaonekana kama pezi dogo la peke yake. Jina likabaki hivyo hivyo.

Besi huvizia. Hujificha kwenye kivuli, kando ya kisiki au ukingo wa magugu, na windo likifika karibu hufungua mdomo ghafla, maji na windo vikaingia pamoja. Kwa hiyo nahitaji vifaa vya kufanya kazi mbili: kufikisha kitu mlangoni pake bila kumshtua, kisha kumtoa mle ndani kabla hajauzungusha mshipi kwenye kisiki.

Wiki ya 2

Miaka yote nimeanza na chambo, nikashuka hadi mshipi. Safari hii nimegeuza mpangilio. Mshipi ndio pekee unaonigusa mimi na kumgusa samaki kwa wakati mmoja, basi uchaguzi uanzie hapo.

Kuna aina tatu mezani. Nailoni ni laini, hufunga fundo vizuri na huvutika. Ikikaa majini hunywa maji kidogo na kulegea zaidi. Florokaboni ni nzito karibu mara 1.8 ya maji, kwa hiyo huzama, haivutiki sana ukianza kukaza, na mwanga hupinda ndani yake karibu sawa na unavyopinda majini (1.42 dhidi ya 1.33), ndiyo maana haionekani kwa urahisi. Mshipi wa kusuka, wa nyuzi za polyethilini, huelea, ni mwembamba sana kwa nguvu yake, na karibu hauvutiki kabisa. Lakini unaonekana wazi kwenye maji maangavu.

Nilichoamua: fimbo nyepesi ipate mshipi wa kusuka wa kilo 4.5, mbele yake mita mbili za florokaboni ya kilo 3.6. Fimbo nzito ipate florokaboni ya kilo 6.8 tupu. Nimeweka pia ngoma ya akiba yenye nailoni, bila kujua bado kama nitaihitaji.

Jioni nzima nimefunga mafundo kwenye msumari na kuyavuta kwa mizani ya kuning'iniza. Fundo la kuzungusha mara tano, lile ambalo karibu kila mvuvi hulijua, liliteleza kwenye mshipi wa kusuka kila mara. Fundo la Palomar halikuteleza. Kwenye florokaboni, fundo nililolikaza likiwa kavu lilikatika mapema kuliko yale niliyoyalowesha kwa mate, na ukilitazama kwa karibu unaona mshipi umekwaruzika kwa joto la msuguano. Nimejifunza pia kusoma mabaki. Ncha iliyojikunja kama mkia wa nguruwe ni fundo lililofunguka. Ncha iliyokatika kwa usafi ni jiwe au jino la kisiki. Kuanzia sasa kila samaki atakayenipotea nitaitazama ncha kwanza kabla ya kulalamika.

Breki ya rili, kile kifaa cha kukusanyia mshipi kwenye fimbo, nimeirekebisha kwa mizani hiyo hiyo: ianze kuachia mshipi kwenye kilo 2 hivi kwa ule wa kilo 6.8, yaani chini kidogo ya theluthi. Kwa ule mwepesi, kilo 1.

Wiki ya 3

Fimbo. Watu huchanganya nguvu na mpindo, na mimi nilichanganya kwa muda mrefu. Nguvu ni uzito unaohitajika kuikunja. Mpindo ni mahali inapokunjikia. Fimbo ya mpindo wa haraka hukunjika nchani tu, kwa hiyo mkono wako na ndoana viko karibu. Ukivuta, ndoana inachoma papo hapo. Ya mpindo wa wastani hukunjika hadi katikati na humpa samaki nafasi ya kurusha kichwa bila kuirarua ndoana.

Nimechukua mbili, zote za mpindo wa haraka: nyepesi ya mita 2 kwa rili ya ngoma tuli, na nzito kiasi ya mita 2.1 kwa rili ya ngoma inayozunguka. Najua chambo chenye ndoana za makucha matatu kinapenda fimbo laini zaidi. Nimeandika hapa ili nikumbuke kwamba niliona hatari hiyo mapema.

Wiki ya 4

Kutupa tu, bila ndoana, kwenye nyasi. Ngoma inayozunguka isipozuiwa huenda kasi kuliko chambo, na mshipi unajikusanya kuwa kiota. Breki za rili zinasaidia, ila kidole gumba ndicho breki ya kweli: kigusie ngoma wakati chambo kinaanza kushuka, kiikaze kabla hakijagonga maji. Siku ya tatu nimeanza kukitua chambo bila kishindo kwenye mduara wa beseni, hatua 20 kutoka nilipo. Hiyo inanitosha. Besi aliye kwenye kina cha mita moja hasamehe kishindo.

Wiki ya 6

Maji 14°C, maangavu, naona hadi mita moja na nusu. Chambo cha kwanza kati ya vinne: nyungunyungu wa plastiki laini, sentimita 15, rangi ya kijani kibichi kilichofifia.

Nyungunyungu wa aina hii ana historia nzuri. Mwaka 1949, huko Akron katika jimbo la Ohio, Nick Creme aliyeyusha plastiki jikoni kwake na kuimwaga kwenye umbo la nyungunyungu halisi. Baadaye wavuvi wa Texas walipata namna ya kumpitisha kwenye miti iliyozama: chubwi yenye umbo la risasi iteleze juu ya mshipi, ndoana ipite ncha ya kichwa, igeuzwe, kisha ncha yake ifichwe ndani ya mwili wa nyungunyungu. Hainasi. Inapanda kisiki, inashuka upande wa pili, na mvuvi anahisi kila kitu.

Hapa ndipo mradi umeanza kunilipa. Nimetumia chubwi ya tangisteni ya gramu 7 badala ya risasi. Tangisteni ni nzito mara 19 ya maji na risasi mara 11 tu, kwa hiyo chubwi ni ndogo zaidi kwa uzito ule ule, na kwa kuwa ni ngumu, inapiga kelele mkononi. Tena risasi iliyopotea majini huwaua ndege wanaoimeza. Uingereza ilipiga marufuku chubwi nyingi za risasi tangu 1987 kwa sababu ya bata-maji.

Nimetupa upande wa mfereji wa zamani na kuburuta polepole, sentimita 30, nikatulia, 30 tena. Tope halisemi kitu. Chubwi inaingia na kutoka kama kidole kwenye uji. Changarawe inatetemesha ncha ya fimbo kwa mfululizo mwembamba. Kisiki kinakwamisha, kinaachia, kisha nyungunyungu anaanguka. Nimejaza nusu ya ramani leo bila kupiga mbizi.

Mzee mmoja aliyekuwa akivua jirani aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, unahisi chini vizuri, lakini unahesabu?"

"Nahesabu nini, mzee?"

"Akianguka. Hesabu mpaka atue. Ukijua ni nane, na safari hii ametua kwenye tano, basi kuna aliyempokea."

Nikashukuru, nikaanza kuhesabu. Nane. Nane. Saba na nusu. Katika mtupo wa ishirini na kitu, kando ya kisiki cha pili, mshipi ulilegea kwenye nne na kuanza kwenda pembeni. Hakuna kilichogonga mkono. Nikakusanya ulegevu, nikavuta kwa nguvu. Besi wa kilo 1.3, ndoana kwenye kona ya mdomo. Kwa misimu yote iliyopita huyu ningemkosa, kwa kuwa nilikuwa nasubiri kugongwa.

Wiki ya 7

Kurasa zote za wiki hii ni hesabu na mshipi. Samaki 4 katika safari 3. Wawili kati yao nilijua wapo kwa macho, kwa kuutazama mshipi ulipoingia majini.

Wiki ya 8

Mvua ya siku mbili, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. 16°C. Chambo cha pili: cha kijiko, yaani waya uliopinda, kichwa cha chuma chenye sketi ya mpira, na vijiko viwili vinavyozunguka juu. Kwenye maji haya besi hawezi kuvizia kwa macho peke yake. Anao mstari wa ubavuni unaopokea mtikisiko wa maji, na kijiko cha duara huutikisa kuliko kile kirefu chembamba. Nimefunga cha duara, nikakipitisha taratibu karibu na magugu mpaka waya ukayagusa.

Rangi ilinisumbua kwa miaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwafundisha besi kuchagua rangi kwa malipo ya chakula, wakaona kwamba wanatofautisha nyekundu na kijani vizuri, lakini huchanganya njano ya kung'aa na nyeupe, na buluu ya giza na nyeusi. Jicho lao lina aina mbili tu za seli za rangi. Baada ya kuelewa hilo nimeacha kumiliki buluu ya giza na nyeusi kwa pamoja. Maji machafu: nyeusi au njano ya kung'aa. Maji maangavu: kijani kilichofifia. Vyambo 20 vimetoka sandukuni kwa sababu hiyo pekee.

Samaki 2, wote walikula wakati kijiko kilipogusa jani na kuyumba.

Wiki ya 9

18°C. Nimeona vitanda vinne kwenye changarawe, miduara myeupe iliyosafishwa, upana kama nusu mita au zaidi. Dume huchimba kwa mkia, jike hutaga na kuondoka, dume hubaki kulinda mayai na baadaye vifaranga. Ukitupa chochote kitandani atakibeba nje, na hapo ananasika kwa urahisi mno. Lakini dakika chache akiwa mkononi mwangu zinawatosha samaki wadogo kuyala mayai. Nimeuacha upande huo wa bwawa kabisa na kuhamia kwenye mfereji. Sikupata kitu, na nimeridhika.

Wiki ya 11

Chambo cha tatu: samaki bandia mwenye ulimi wa plastiki, anayezama mita 2 hadi 2.5 ukimvuta. Wengi humvuta wakimwepusha na visiki. Kazi yake ni kugonga visiki. Ulimi wake wa mraba hutangulia, hugonga, mwili unainama na ndoana zinabaki nyuma. Pale anapogonga na kuyumba, ukimsimamisha kwa nukta moja, ndipo besi anapokuja.

Na ndipo ile hatari ya wiki ya 3 ilipotimia. Samaki watatu wamenasa na wote watatu wametoka katikati ya pambano. Nimetazama ncha: fundo zima, ndoana zima. Fimbo ngumu na florokaboni isiyovutika zinairarua ndoana ndogo ya makucha matatu kutoka kwenye ngozi laini ya mdomo. Sheria yangu ni fimbo mbili, siwezi kuongeza ya tatu. Nimeweka ile ngoma ya akiba ya nailoni na kulegeza breki hadi kilo 1.5. Mshipi unaovutika umefanya kazi ambayo fimbo haikuweza.

Siku iliyofuata: wanne wamenasa, wanne wameletwa.

Wiki ya 14

Joto kali. Nimeshusha kipimajoto kwa kamba: juu 27°C, mita 3 bado 26, mita 5 imeshuka hadi 19. Maji yamegawanyika tabaka. Lile la baridi chini halichanganyiki na la juu, oksijeni yake hutumika na haijazwi tena, kwa hiyo kina kirefu ambacho wengi hukikimbilia wakati wa joto kinaweza kuwa jangwa. Nimekunja ramani ili nione tu mstari wa mita 3 hadi 4 unapokutana na visiki. Ni sehemu tano. Bwawa zima limekuwa sehemu tano.

Nyungunyungu yule yule, mpangilio mwingine. Fimbo nyepesi, ndoana ndogo imefungwa kwa Palomar ili isimame wima kwenye mshipi, na chubwi ya gramu 5 ikining'inia sentimita 40 chini yake. Chubwi inakaa chini, nyungunyungu anaelea juu ya tope usawa wa macho ya besi. Kosa langu la siku ya kwanza lilikuwa kumtikisa sana. Ukiutetemesha ulegevu wa mshipi tu, bila kuinua chubwi, anacheza mahali pamoja kwa muda unaotaka. Besi mvivu wa mchana huhitaji muda huo.

Na pale ambapo kuna kivuli cha mti juu ya maji, nimetoa chubwi kabisa na kumchoma nyungunyungu katikati ya mwili, ncha zote mbili zikabaki huru. Anazama polepole akipepea kama anayeogelea. Chambo kimoja, njia tatu. Kwenye sanduku la zamani haya yangekuwa vifurushi vitatu.

Samaki 7 wiki hii, 5 kati yao kwenye kisiki kimoja.

Wiki ya 16

Chambo cha nne, cha juu ya maji, chenye mdomo wa kikombe unaotema maji ukikivuta. Nailoni tena, maana florokaboni huzama na kukiinamisha pua. Nilifika kabla ya mapambazuko, maji yametulia kama mafuta kwenye sinia. Vuta mara mbili, subiri mpaka viduara vyote viishe.

Kilichotokea ni kishindo, na mikono yangu ikavuta kabla ya akili. Nimemkosa. Wa pili pia. Kwa macho unaona mlipuko, lakini samaki bado hajafunga mdomo vizuri. Kwa wa tatu nilijilazimisha kusubiri mpaka niuhisi uzito wake mkononi. Kilo 2.4, mkubwa kuliko wote msimu huu.

Wiki ya 18

Nimelowesha mikono kabla ya kumshika kila samaki, maana ute wa ngozi ndio kinga yake. Mdogo namshika taya la chini akiwa wima. Mkubwa nampa mkono wa pili chini ya tumbo, maana uzito wote ukining'inia kwenye taya lililolazwa huliumiza. Kuachia samaki kulienea sana kwenye mashindano ya besi Marekani baada ya Ray Scott kuanza kuwahimiza washindani wake wasiue samaki, mwaka 1972. Hata hivyo si kila maji yanataka hivyo. Katika ziwa Biwa, Japani, alikovuliwa mwaka 2009 besi wa kilo 10.12, besi ni mgeni anayewala samaki wa asili, na sheria ya huko inakataza kumrudisha majini. Mvuvi aulize kwanza maji yenyewe ni ya nani na besi aliingiaje.

Hapa bwawani mimi huwarudisha. Leo nimevua watatu, wote kwa nyungunyungu, wote kwenye hesabu iliyokatika kabla ya nane. Yule mzee alikuwa upande wa pili wa ukuta. Aliinua mkono na kunionyesha vidole vinne. Nikamjibu kwa vitano, nikatupa tena.